Patasi na Ukuta wa Ukoo wa Mbwa

Mdogo wangu Patasi aliajiriwa na jumba la makumbusho kwa sababu ya mbwa ambaye hakuwahi kuwepo. Enzi hizo alikuwa kijana wa kuandika vibao vya mageti, na mama mmoja mjane alimwomba amwandikie MBWA MKALI, ingawa nyumbani kwake palikuwa na paka tu, tena paka mwenyewe mgonjwa wa kifua. Patasi akaona maneno peke yake hayatoshi, akachora na mbwa. Mbwa yule alichorwa akachoreka. Meno yalimeta hata siku za mawingu, na wako wanaoapa kwamba ukimpita umebeba nyama alikuwa akikugeuzia shingo. Mpeleka barua alikuwa akirusha barua kutoka ng'ambo ya barabara, miaka miwili mizima. Mwizi mmoja alifika, akakisoma kibao, akabisha hodi na kuomba radhi. Mkurugenzi wa makumbusho wa wakati huo alikaa mtaa ule ule, na kwa miezi sita alizunguka njia ndefu asipite mbele ya geti lile. Siku aliyogundua kwamba anazungushwa na rangi ya mafuta, alimtafuta aliyeipaka akamwajiri.

Hayo ya mwizi sikuyaona kwa macho yangu. Mengine yote nasimama nayo.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika majina ya wanyama. Wanyama wenyewe walikufa zamani. Wamejazwa pamba, wametiwa macho ya kioo, wanakutazama kama watu wanaosubiri uondoke waendelee na maongezi yao. Chini ya kila mmoja panatakiwa kibao: jina tunalolitumia sisi, na chini yake jina la vitabuni, la Kilatini, linaloandikwa kwa herufi za kulala upande. Mdogo wangu hajui Kilatini hata cha kuombea maji, lakini akikuandikia utadhani alizaliwa nacho.

Ufundi aliufundishwa na mchonga mawe ya makaburi, na ndiyo maana hakuwa mtu wa kupaka tu. Alipiga mstari kwa uzi wa chaki, akachonga herufi kwa patasi ndogo mpaka kina cha ukucha, akasubiri vumbi litulie, kisha akajaza rangi mara tatu. Mwalimu wake alimkataza kabisa kubandika jina la kiumbe. Alisema majina ya kubandikwa ni ya makopo ya nyanya. Basi jumba zima likamwita Patasi, na jina alilopewa na wazazi wetu tunalikumbuka mimi na mkewe tu, tena mkewe mpaka akasirike.

Miaka thelathini na moja aliandika hivyo. Sasa fikiria: mtu anakuja, anamwona simba, anasema lo, simba. Nani anainama kutazama herufi? Hilo lilimkaa rohoni. Alikuwa anatakiwa kustaafu mwisho wa mwaka unaofuata, na alitaka kabla ya kutoka aache kazi moja iliyokamilika, kubwa, ambayo ataweza kumshika mtu mkono na kumwambia: hii nimeianza mimi, nimeimaliza mimi.

Kazi ikapatikana. Walikuwa wanajenga ukumbi mpya, na ukuta wa mlangoni, hatua kumi na mbili kwa urefu, ulitengwa kwa ukoo wa mbwa na jamaa zake wote. Mkurugenzi alimpa orodha akamwambia apange anavyoona. Jioni hiyo hiyo Patasi akaja kwangu, kwa sababu mambo ya nani ni nani kwa nani, ukoo wetu wote wanajua yanaulizwa wapi. Arusi ngapi nimezisimamisha kwa kusema tu, hebu ngojeni, huyu si mtoto wa baba mdogo?

Tukamwaga vizibo vya soda mezani, kila kizibo mnyama mmoja. Wifi yangu, mkewe, alikuwa amekuja naye. Akasema ameolewa na mwanamume mzima, leo anacheza vizibo na dada yake. Tukamwacha aseme. Patasi akanieleza ngazi za wanasayansi. Ukoo wote ni familia moja. Ndani ya familia mna nyumba nyumba, wao wanaziita jenasi. Ndani ya kila nyumba mna wenyewe wa nyumba, ndio spishi. Jina la kwanza la Kilatini ni la nyumba, la pili ni la mwenyewe, kama unavyosema wa kwa mwashi, yule mrefu. Mbwa mwitu wa kijivu, yule mkubwa wa nchi za theluji, ni *Canis lupus*: wa nyumba ya Canis, yule lupus. Nikamwambia mbona rahisi, hata sisi ndivyo tunavyoitana.

Hapo ndipo tulipokosea, na nusu ya kosa ni yangu. Tuliwapanga kwa heshima, kama unavyopanga watu wa picha ya familia. Mkubwa ni nani? Mbwa mwitu wa kijivu, maana mbwa wetu wa nyumbani ametoka kwake. Basi akae juu katikati, na mbwa akae chini yake kama mjukuu aliyelelewa na babu. Bweha, wale wadogo wenye masikio ya kuchongoka wanaozunguka mabaki ya simba, tukawaweka kando ya mzee, nyumba moja naye, watoto wa baba mdogo. Mbweha wenye mikia ya manyoya tukawapa nyumba yao mbali kidogo. Yule mwenye miguu mirefu kama ngazi ya fundi umeme, ambaye hata wataalamu wanasema si mbwa mwitu wala si mbweha, tukampa chumba cha peke yake. Na mbwa mwitu wa madoa, yule ambaye utadhani mafundi rangi wote wamefutia brashi mgongoni kwake, tukamtupa mwisho kabisa wa ukuta, karibu na choo, kwa sababu ana vidole vinne mbele na wenzake wana vitano. Nilisema mimi: asiye na kidole cha ukoo asijisogeze.

Alichonga miezi kumi na moja. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, nakaa kwenye benchi la wageni, namtazama. Kila aliyepita alimuuliza swali moja: fisi yuko wapi? Mafundi wa umeme waliuliza, wafagizi waliuliza, mlinzi aliuliza kila zamu. Watu wanamwona fisi kama mbwa aliyekosewa, na Patasi alichoka kuwaeleza kwamba wataalamu wanamhesabu upande wa paka na nguchiro. Mwishowe alipiga magoti, akachonga chini kabisa kwa herufi nene: FISI SI WA UKOO HUU.

Kufikia hapo amebakiwa na mbweha wawili tu. Ndipo alipokuja Daktari.

Huyu si daktari wa sindano, ni daktari wa mafuvu. Binti mwembamba, amerudi kutoka masomoni, amekabidhiwa mifupa yote ya chini ya jumba. Siku yake ya kwanza ukumbini alisimama mbele ya ukuta muda mrefu sana. Patasi akanikonyeza, alidhani anashangaa uzuri. Binti akasema kwa adabu kwamba kazi hii hajaona mfano wake, Mzee, lakini hawa bweha wawili, wa mgongo mweusi na wa mstari ubavuni, si wa nyumba hii tena. Wamepimwa vinasaba. Wamekutwa wako mbali na mbwa mwitu kuliko tulivyodhani, wamepewa nyumba yao, *Lupulella*. Na huyu wa madoa mliyemweka karibu na choo ni jamaa wa karibu kuliko hao.

Mdogo wangu alimtazama kama mtu aliyeambiwa ahame nyumba ameshapaka rangi. Akauliza na kile kidole kilichopungua je. Daktari akasema kidole kinapotea tu, damu ndiyo inayohesabiwa.

Ukiwa umepaka, unapaka tena juu. Ukiwa umechonga, mambo mengine. Inabidi ukate lipu ya ukuta, uzibe upya, usubiri wiki nzima ikauke, usugue, upige chaki, uanze. Alitoa wale bweha wawili, alimleta wa madoa katikati, na vumbi likamwingia mpaka kwenye nyusi. Alirudi nyumbani mweupe, wifi akamwambia asiingie ndani mpaka apigwe fagio kama zulia.

Wiki ya tatu Daktari akaja tena, mikono nyuma. Bweha wa dhahabu walikuwa wakihesabiwa mnyama mmoja, kumbe ni wawili, na mmoja wao si bweha, ni mbwa mwitu aliyekuwa akiitwa bweha muda wote huo kwa sababu ni mdogo na amekonda. Patasi akakata, akaziba, akasubiri, akachonga.

Mara ya tatu nilikuwepo, na nilimwona binti wa watu akizunguka nguzo mara mbili kabla ya kukaribia. Alisema mbwa mwitu wa kijivu aliyepo leo si baba wa mbwa wetu. Wote wawili wametokana na mbwa mwitu wa zamani ambaye ameshatoweka. Mpaka wengine wanabishana kama mbwa wa nyumbani aandikwe peke yake au aandikwe ndani ya mbwa mwitu.

Patasi aliweka nyundo chini polepole, vile anavyoweka mtu anayeogopa kuirusha.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimemwandika kaka kuwa babu."

"Si kosa lako, Mzee. Tulijua hivyo."

"Mlijua. Sasa mnajua vingine. Niambie, mwanangu, ni lini mtamaliza kujua? Nataka tarehe. Nina miezi minne."

"Hatumalizi," Daktari akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Patasi. "Ningekuwa na tarehe ningekupa."

Kuanzia siku hiyo mdogo wangu akawa mtu wa kununa. Mbwa wa jirani akibweka, anamtazama kwa jicho baya, kana kwamba yule mbwa ndiye aliyeandika ile ripoti. Wifi alikuja kwangu akasema mumewe anaongea Kilatini usingizini na yeye hajui kama ni matusi au ni mwanamke. Nikamwambia ni mbweha. Haikumsaidia.

Juu ya hayo, mkurugenzi mpya, kijana wa tai nyembamba, akaja na lake. Ukumbi unafunguliwa baada ya wiki tano, wageni wameshaalikwa. Ukuta ukiwa bado una mashimo, ataagiza stika moja kubwa ya kufunika wote, yenye picha za kung'aa. Majina yakibadilika, wanabandua, wanabandika nyingine. Alisema wala si jambo la kugombania.  Patasi akaenda akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Dada, wananifanya kopo la nyanya."

Nikainuka, nikamfuata Daktari ofisini kwake. Nikamwambia mwanangu, wewe ndiye uliyeianza hii, mfanyie neno mzee wako. Aliinamisha kichwa, akachukua funguo, akatushusha sote wawili ghala la chini.

Chumba kimejaa makabati ya chuma toka sakafuni hadi darini, na harufu ya dawa ya nondo inayoshika koo. Akavuta droo moja. Ndani mna fuvu dogo la bweha, dogo kama kikombe cha chai, na kwenye taya limefungwa uzi wenye vikaratasi saba. Akamwambia Patasi avisome kwa mpangilio. Cha chini, karatasi imeshakuwa ya rangi ya chai, mtu wa zamani kaandika kwa wino kwamba ni mbweha. Cha pili, mwingine kaandika ni bweha wa dhahabu, kaweka jina lake na mwaka. Cha tatu mwingine anabisha, kaandika ni mtoto wa mbwa koko. Cha nne kinarudi kwa bweha. Hivyo hivyo mpaka cha saba, mwandiko wa Daktari mwenyewe: mbwa mwitu.

Nikauliza kwa nini havitolewi vya uongo kikabaki cha kweli. Daktari akasema ghala hili lina amri moja tu. Ruhusa kuongeza kikaratasi. Ukikitoa cha mwenzako, hata kama kimekosea wazi, unafukuzwa kazi. Kila aliyekosea humu jina lake lipo na mwaka wake upo. Akagusa kile chake. "Na hiki nacho kitafunikwa na cha nane, Bibi. Ninachoomba ni kwamba wasikitupe."

Mimi nilidhani Patasi atafurahi. Kumbe ndio alizidi kuwaka. Alisimama ameshika kile kijikaratasi cha chini. Alisema kwa sauti ndogo, "Miaka thelathini na moja niko juu ya vichwa vyenu. Ngazi moja tu. Hakuna aliyewahi kunionyesha droo hii. Kila mara mnanijia mnaniambia futa."

 Daktari aliirudisha droo, ikagoma katikati kama zinavyogoma droo zote, akaisukuma kwa goti.

Kesho yake Patasi aliziba mashimo, lakini hakufuta tena jina hata moja. Yale majina aliyoyakata zamani aliyachonga upya palepale yalipokuwa, na makosa yake yote, kisha juu ya kila kosa akapitisha mstari mmoja mwembamba unaoacha jina lisomeke. Chini yake akachonga jina jipya na mwaka. Mbwa mwitu wa kijivu alibaki juu kama babu, mstari ukapita, pakaandikwa: ndugu. Bweha wa mgongo mweusi akasomeka mara mbili, nyumba ya kwanza na nyumba ya pili, kama mwanamke aliyeachika akaolewa tena na hana haya nalo. Alichonga wiki nne, Jumapili na Jumatatu. Ukuta ulionekana kama watu wamegombana juu yake, na ukiusoma unaona ni kweli wamegombana.

Mkurugenzi alipouona alisema umekuwa daftari la mtoto wa darasa la pili. Daktari akamweleza habari za ghala na amri yake; mkurugenzi akasema ghala ni ghala, ukumbi ni ukumbi, wageni hawaji kutazama makosa. Stika ilikuwa imeshachapwa. Siku ya kufungua ukumbi, asubuhi, vijana wawili wa kampuni ya uchapaji wakaja na ngazi na mpira wa kukandamizia, wakaufunika ukuta wa mdogo wangu wote kwa picha za mbwa mwitu wanaotabasamu. Patasi alikuwa amevaa koti lake la arusi. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini, anatazama sakafu. Katika maisha yangu nimemwona mdogo wangu akilia mara moja, tulipomzika mama. Siku ile hakulia. Alipangusa patasi kwa leso, akaipangusa tena, na ilikuwa safi.

Sasa, stika inataka ukuta laini. Ukuta uliochongwa kina cha ukucha una mifereji elfu, na kila mfereji una hewa yake. Haikupita nusu saa stika ikaanza kuvimba. Kwanza tumbo moja la chura, kisha kumi. Vijana wakakandamiza huku, ikainuka kule. Jua la mlangoni lilipoipiga, herufi za Patasi zikaanza kujitokeza kwa chini, mbwa anayetabasamu akawa na BWEHA imeandikwa usoni. Kona ya chini ndiyo iliyoachia kwanza. Mimi sikuigusa. Nilikuwa nimekaa tu karibu nayo, na kucha zangu ni ndefu kwa asili.

Ikashuka yote kwa sauti ya shuka linalochanwa, ikamfunika mkurugenzi na tai yake, wageni wameshafika kwenye ngazi za nje. Wako wanaosema alitambaa humo ndani mpaka kwa twiga. Alipotoka hapakuwa na muda wa lingine lolote. Alinyoosha nywele, akasema milango ifunguliwe.

Watu waliingia, wakamwona simba, wakasema lo, simba, wakapita. Kwenye ukuta wa Patasi walisimama. Walikuwa wanafuata mistari kwa vidole, wanabishana, mzee mmoja anamwambia mkewe unaona, hata wenye elimu wanafuta. Na kila baada ya dakika tano kuna aliyeinama mpaka chini, akasoma, akasema aa, kumbe fisi hayumo.

Stika haikurudi. Mkurugenzi alisema ataliangalia suala hilo, na nadhani bado analiangalia. Lakini msidhani Patasi alitulia. Alistaafu mwisho wa mwaka akiwa na hasira zake zote, kwa sababu alichotaka ni kumaliza, na ule ukuta haumaliziki. Ukimsifia, anakwambia bado. Ukimuuliza bado nini, anaondoka mezani.

Juzi Daktari alipita nyumbani kwake, bahasha mkononi. Mimi nilikuwa pale nasuka mkeka. Patasi hakunyoosha mkono kuipokea. Alimtazama binti kuanzia viatuni.

"Ni fisi?"

"Siyo fisi, Mzee."

"Afadhali."

Akaingia ndani. Tukamsikia akivuta droo zote za jikoni, akilaani mbwa mwitu na mama yao na mama wa mama yao ambaye hajulikani bado, na wifi akimwuliza anatafuta nini saa ya kula. Alitoka na jiwe la kunolea. Akakaa kizingitini, akatema mate juu ya jiwe, akaanza kuinoa patasi, bahasha bado haijafunguliwa.